Dada yangu alikiri kosa ambalo hakufanya, ili amwone mtoto wake

Wakuu, salamu kutoka Doha. Hii ni ya damu yangu kabisa na sitii chumvi hata chembe.

Dada yangu Rehema alikuwa Marekani, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

Mzee mmoja akaanguka bafuni, uso ukavimba. Familia yake ikasema amepigwa. Nani alikuwa zamu? Rehema.

Akawekwa ndani. Dhamana hatukuiweza. Mtoto wake Imani, miaka minne, baba hayupo, akachukuliwa na serikali akapewa watu asiowajua.

Sasa sikieni ubaya wa hawa watu. Kabla kesi haijasikizwa, mwendesha mashtaka analeta ofa, wanaita plea deal. Ukikubali kosa, unatoka leo. Ukikataa, unangoja kesi ukiwa ndani, na ukishindwa unakula miaka mingi.

Wakili aliyepewa na korti aliongea naye kwenye korido, eti wengi huchukua tu.

Mama akampigia kutoka Kakamega, "Kubali mwanangu, utoke." Kwa mama, korti ni ile yetu ya kesi ya pombe ya chang'aa. Unakubali, unafagia kwa chifu, maisha yanaendelea.

Mimi nilichemka. "Rehema, usikubali! Hujampiga mtu!"

Akaniuliza, "Na Imani akisahau sura yangu?"

Weh. 

Akakubali. Na kweli akatoka. Lakini kabla hata hajarudishiwa mtoto, watu wa uhamiaji wakamchukua. Mgeni aliyekiri kumpiga mzee hawamtaki. Khalas, arudishwe kwao.

Mimi husukuma viti vya magurudumu airport ya hapa, na safari yake ilipitia hapa hapa. Maofisa waliomsindikiza walitupa dakika chache kwenye benchi. Imani alibaki kule, bado mikononi mwa serikali.

Nililia na yunifomu yangu mbele ya abiria. Yeye hakulia.

Akasema, "Kusema nilimpiga, nilimeza. Lakini jaji aliniuliza kama kuna mtu amenilazimisha. Ukisema ndiyo, ofa imekufa. Nikajibu hapana, ni kwa hiari yangu. Yameandikwa kwenye faili ya korti, na siku moja Imani atayasoma."

Wakuu mlio na watu huko, kabla hawajakubali chochote, watafute wakili anayejua mambo ya uhamiaji. Na hii "kubali tu utoke" tuache kuisema. Kutoka kwenda wapi?

Rehema yuko kwa mama sasa. Mama ametandika kitanda kidogo, na kila nikipiga simu ananiuliza Imani anakuja lini.

Nyinyi mngemjibu nini?