Mahari Iliyokwama Mubin ya Tatu

“Mswaki! Mimi nimesimama tangu alfajiri napanga kuku wa watu kwenye visahani vya abiria wa ndege, miguu imevimba kama mihogo, halafu wewe unaniuliza mswaki wako rangi gani?”

“Mimi wataniuliza wako, wewe watakuuliza wangu,” Alimohamed alijibu bila kuinua uso kwenye kikaango. Alikuwa anakaanga bamia. “Kamrudin na mkewe waliulizwa hivyo hivyo kwenye intavyu yao ya uhamiaji. Haya, sema. Rangi gani?”

“Rangi ya uchovu wangu! Badala ya kunifundisha Yasin yangu, unanifundisha mswaki.”

Hapo Alimohamed akageuza bamia, maana hiyo Yasin ndiyo ilikuwa mahari ya mkewe, na alikuwa hajailipa.

Sughra alikuwa mwanamke wa Tanga, binti wa Khoja mmoja muuza vitambaa ambaye duka lilimfia mikononi. Shule alimaliza ya msingi. Madrasa hakumaliza, kwa sababu nyumbani kulikuwa na bajia za kukaanga na wadogo zake wa kuogesha, na msichana mwenye mikono miwili haachwi akae na msahafu mchana kutwa. Akaolewa, akaletwa Toronto, akaachwa Toronto. Mume wa kwanza alikwenda zake na mwingine, Sughra akabaki na uraia wake, chumba na sebule kwenye ghorofa refu la mtaa wa Jane na Finch, na kazi ya kupakia chakula cha abiria wa ndege.

Mama yake alipofariki Tanga, hakuwa na nauli ya kwenda kuzika. Wakamsomea khitma huku huku, imambara, ukumbi wa ibada wa Makhoja. Wanawake wote wakashika sipara, kila mmoja juzuu yake, na yeye akashika yake. Wenzake wakifunua ukurasa, naye anafunua. Hakusoma hata herufi moja. Alimsomea mamake kwa kufunua makaratasi, na jambo hilo likamkaa kama mwiba wa samaki kooni, halimezeki wala halitoki.

Alimohamed alitokea miaka kadhaa baadaye. Mgane wa Moshi, mtu wa hamsini na kitu, amekuja kwa viza ya matembezi kumtazama mpwa wake Ridha huko Pickering. Kwao alikuwa akifundisha watoto Kurani jioni, baada ya kufunga duka. Watu wakasema huyu hana mke, na yule hana mume, basi. Sughra alipoulizwa anataka mahari gani, hakutaja dhahabu. Alisema, “Anifundishe Yasin mpaka niisome peke yangu.” Sheikh akasema kufundisha sura ni mahari halali kabisa. Watu wakasema mashallah, wakala biriani, wakaenda zao. Hiyo ilikuwa mwaka 2008.

Sura ile ina mubin saba, yaani mahali saba linapokuja neno hilo, na wengi huipima hivyo, kama msafiri anavyohesabu vituo. Miezi ya mwanzo Sughra alikwenda vizuri. Akafika mubin ya tatu. Hapo akakwama. Kwanza ilikuwa zamu za kiwandani, halafu ukaja Muharram, halafu jino, halafu leo nimechoka na kesho nimechoka zaidi. Kila Alimohamed akifungua kitabu, Sughra anasinzia juu ya meza. Mlalamikaji alikuwa Sughra na msinziaji alikuwa Sughra.

Sababu yake hakumwambia mtu. Khatijabai, jirani wa ghorofa ya chini, mwanamke ambaye habari za watu zilimnenepesha kuliko samli, alikuwa ameshamtia neno kwenye lifti.

“Sughrabai, mwenzangu, huyo kaoa pasipoti yako. Wewe ni mkoba tu ilimowekwa. Siku karatasi zikitoka, utamwona kisogo.”

“Cha mume wako umeshakizoea, eh?” Sughra akamjibu, na lifti ikafunguka.

Alishinda kwa maneno, lakini yale ya Khatijabai yaliingia naye ndani. Alimohamed alikuwa mpole. Alipika, alifua, alimkanda miguu kwa mafuta ya nazi. Lakini mtu anayetaka kitu kwako, naye si huwa mpole hivyo hivyo? Atajuaje? Basi Sughra akashika alichoweza kukishika, nalo ni deni. Mtu wa dini kama yule hatapanda basi kwenda zake na mahari ya mkewe shingoni. Akishaimaliza, kitamfunga nini?

Siku ya intavyu ilikuwa Februari, theluji imeshageuka tope jeusi. Alimohamed alivaa suti ya harusi, ikambana tumboni. Alibeba albamu ya picha kwapani kama mtu anayepeleka kuku sokoni. Walikaa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja ananong’ona rangi ya mswaki wa mwenziwe.

Sughra aliitwa kwanza, peke yake. Ofisa alikuwa mama wa makamo mwenye sauti laini na sweta la kujifuma. Mkalimani alikuwa Mkongomani mrefu aitwaye Tharcisse.

“Mama, sema pole pole,” Tharcisse akamwambia. “Niko natafsiri kila neno.”

Ofisa akauliza, wakati ndoa inafungwa, Sughra alisimama wapi?

“Sikuwepo.”

Tharcisse alimtazama mara mbili kabla ya kutafsiri. “Hukuwepo kwa ndoa yako, Mama?”

“Nilikuwa juu na wanawake. Bwana alikuwa chini na wanaume. Wakili wangu ndiye aliyenisemea. Kwetu ndivyo.”

Ofisa akaandika. Akafunua albamu akitafuta picha ya bibi na bwana pamoja mbele ya sheikh, asiione, kwa kuwa haikuwepo. Akaandika tena. Mswaki hakuuliza. Aliuliza, mumeo alikupa nini mlipooana?

Sughra angeweza kusema pete, mambo yakaisha. Lakini ameshaapa kusema kweli, na chenyewe kinachoulizwa ni Yasin. Utadanganyaje kwa Yasin?

“Mahari yangu ni kufundishwa sura. Bado namdai. Hata nusu hatujafika.”

“Miaka miwili mnakaa nyumba moja,” Tharcisse akatafsiri, macho yake chini, “na bwana hana kazi. Kwa nini hajalipa?”

Hapo ndipo palipotaka neno moja tu: mimi ndiye ninayekwepa, nisije nikamkosa. Neno likafika mpaka kwenye meno. Lakini kumwambia nani? Mama asiyemjua na mwanamume wa Kikongo? Mwenyewe mume hajaambiwa.

“Hatujapata nafasi,” akasema.

Akatoka, akaingia Alimohamed. Baadaye wakaitwa wote wawili. Ofisa hakukunja uso. Alisema tu kwamba bwana ameeleza mahari ilishalipwa yote mwaka jana, na kwamba mkewe anaisoma sura hiyo kila Ijumaa. Bibi amesema hata nusu bado. Je, kuna anayetaka kurekebisha?

Alimohamed alitazama viatu vyake. Sughra alitazama viatu vya Alimohamed. Hata Tharcisse alitazama viatu, ingawa hakuhusika.

Kwenye basi la kurudi, Sughra alisubiri mpaka vituo viwili vipite.

“Kwa nini ulidanganya, bwana?”

“Ulitaka niseme nini mbele ya serikali ya watu? Kwamba nimemkalia mke, nakula chakula chake, na mahari yake sijatoa? Hata yule mkalimani angenitemea mate.”

“Ukanifanya mimi mwongo.”

“Wewe ulisema kweli,” Alimohamed akasema. “Ndiyo maana sina la kukujibu.”

Afadhali angemtukana. Sughra aligeukia dirishani na hakugeuka tena mpaka nyumbani.

Barua ilikuja mwezi wa tano. Wamekataa. Hawakuridhika kwamba ndoa hiyo ni ndoa. Wakili wa uhamiaji aliwaambia wanaweza kujaribu mahakama lakini wasimalize akiba yao kwa ajili hiyo. Bwana aondoke kabla majira ya joto hayajaisha, bibi amwombee upya, bwana akiwa kwao. Itachukua muda gani? Wakili akafungua mikono, akaifumba.

Khatijabai alipanda na sahani ya sambusa na uso wa matanga. Akakaa, akala mbili katika alizoleta.

“Sasa utaona. Kwako hana cha kungoja tena. Atahamia kwa mpwa wake Pickering mpaka siku ya ndege. Nikumbuke.”

Kesho yake Sughra alikwenda kazini, akapanga kuku na wali, na kila kisahani alichofunika alimwona Alimohamed anafunga begi. Jioni aligeuza ufunguo mlangoni taratibu, kama anayeogopa kuamsha mgonjwa.

Alimohamed alikuwa mezani. Kitabu kimefunguliwa. Miwani ya Sughra imefutwa, imewekwa juu ya ukurasa.

“Kaa,” akasema. “Twende mubin ya nne.”

“Hakuna anayeuliza tena, bwana. Intavyu imekwisha.”

“Najua.”

Sughra alibaki amesimama na koti lake. “Basi nimekusamehe. Mahari yangu nimekusamehe yote, uende shingo yako nyepesi.”

“Sikukuomba msamaha wa mahari. Nilikubali kulipa. Kaa.”

Akakaa. Herufi zikacheza mbele ya macho yake. Ndipo lile neno lililokwama kwenye meno tangu Februari likatoka, bila mkalimani.

“Nilikuwa nasinzia makusudi.”

Alimohamed alikuwa ameshaweka kidole kwenye mstari. Hakukiondoa.

“Nilijua.”

“Ulijua?”

“Mtu hasinzii kila siku kwenye aya ile ile, Sughra. Nikasema, huyu ananiweka. Nikapenda kuwekwa.”

Wakatazamana, watu wazima wawili, kila mmoja alikuwa na neno la kuwaokoa na kila mmoja alilikalia. Hakuna aliyecheka. Bamia zikaungua jikoni na hakuna aliyeinuka.

“Soma,” akasema Alimohamed.

Wakasoma majira yote ya joto. Alikuwa mwalimu mkali kama pilipili. Soma tena. Vuta hapo. Usimeze herufi, si mchuzi. Sughra alimrudishia maneno, akafunga kitabu kwa hasira, akakifungua. Mubin ya nne, ya tano, ya sita. Ilipofika ya saba walipunguza mwendo wote wawili, mistari miwili kwa jioni, mmoja kwa jioni, lakini tarehe ya ndege haikupunguza.

Asubuhi ya safari begi lilikuwa mlangoni. Ridha alikuwa chini na gari, amekwisha kupiga honi mara moja. Sughra alisoma kuanzia mwanzo, peke yake, kidole chake mwenyewe kwenye mstari. Alijikwaa mahali pamoja, akarudi, akapita. Alimohamed hakumsaidia. Aya ya mwisho sauti ilimpasuka, lakini alifika.

Alimohamed akafunga kitabu, akakisogeza upande wa mkewe.

“Mahari yako imetimia.”

Siku ya ndoa wakili ndiye aliyemsemea Sughra, naye yuko juu na wanawake. Asubuhi ile wakili hakuwepo.

“Nimepokea,” akasema. Honi ikalia tena chini, na Alimohamed akainuka kuchukua begi.