Hadithi Zilizoishia Godoroni

Mama mkubwa amekuwa dobi wa hospitali miaka mingi. Mikono yake imechubuliwa na dawa za kufulia mashuka, lakini kalamu anaishika polepole kama sindano. Kuandika anaandika, kumaliza ndiko kunakomshinda. Mimi na kaka hupitia kwake baada ya shule, na alipokuwa kazini alituachia karatasi: "Chakula kipo kabatini, ila kabla hamjafungua." Basi. Tulibaki tumesimama mbele ya kabati kama wezi.

Siku moja nilimuuliza. Akaniambia alijifunza kusoma kabla hajaanza shule, akiwa juu ya kitanda. Babu alikuwa amebandika magazeti ukutani kuziba nyufa, na kitanda kikaegemezwa ukuta huohuo. Kilikuwa kizito, hakisogei. Kwa hiyo kila hadithi ilizama nyuma ya godoro kabla haijaisha, na mpaka leo, anasema, mwisho ulioandikwa anauona kama uongo. Shuleni mwalimu alikuwa akimwandikia kwa wino mwekundu: "Mkia uko wapi?"

Mama, ambaye ni mdogo wake, alilala kitanda hichohicho. Yeye alikuwa hajajua kusoma. Dada mtu anasoma, mdogo mtu anabuni mwisho.

Sasa hawasemezani, mwaka wa tatu huu. Mama mkubwa aligawa cherehani ya marehemu bibi kwa jirani bila kumwuliza mama. Juzi amestaafu, Jumapili anahamia mbali, na hataki kuondoka na kinyongo. Akaandika barua, akanituma.

Niliisoma njiani, sifichi. Nusu ukurasa mzuri kabisa, halafu: "Kuhusu cherehani nilikosea, mdogo wangu, kwa sababu". Nikarudi mbio kumwomba amalizie, maana nilijua mama angeona ni dharau. Alishika kalamu mpaka chai yake ikapoa, akanirudishia barua vilevile.

"Peleka hivyohivyo, mwanangu. Akinuna, amenuna."

Mama aliisoma amesimama. Akaigeuza nyuma: tupu. Nikaanza kumtetea mama mkubwa, nikaambiwa ninyamaze. Kisha akachekea puani.

"Huyu na godoro lake."

Akachukua kalamu yangu, akaendeleza palepale: "uliogopa kuiona kila siku na mama hayupo. Hata mimi ningeigawa. Jumamosi nakuja kukufungia mizigo."

Nikairudisha. Mama mkubwa aliisoma mara mbili, kidole kikifuata kila neno hadi la mwisho, kisha akaniuliza kama ni Jumamosi asubuhi au jioni. Hilo mama hakuliandika.