Siku Rulema Ilipowalaza Watu Sokoni Minago

Hata leo mtu akilitaja soko la Minago huwa najifanya nafunga kiatu, lakini kwa kuwa mmenibana nitasema mwenyewe, maana wakisema wengine wanaongeza chumvi (na chumvi ilikuwa haihitajiki).

Ilikuwa miaka ya vita hapa Burundi. Mimi ni fundi wa moto, yaani pikipiki, hapa Rumonge, na nilikuwa natunza kwadi ya dispensaire (zahanati yetu), ile moto ya magurudumu mane inayopanda vilima gari lisipofika. Aliyeiendesha ni Mama Esperansi, mkunga, mwenyeji wa Uvira, mtu wa maneno machache. Asubuhi ile akanijia kwa haraka.

"Fundi, nyuma inanguruma, na kwenye kona mukia inacheza. Nimeleta rulema mpya toka Bujumbura. Kuna mama iko na uchungu tangu jana kule juu ya Minago, na barabara wanajeshi wanafunga jioni."

Rulema (Watanzania wanaziita beringi) ni zile pete za chuma zenye gololi ndani, zinazoshika ekseli izunguke laini. Kuzipima si kazi: unainua nyuma, unashika gurudumu juu na chini, unatikisa, likicheza kama jino bovu basi zimekwisha. Kuzibadilisha ndiyo kazi, maana unavua magurudumu, breki, mnyororo, unaigonga ekseli itoke yote, na mimi siku hiyo nilikuwa nimevaa kanzu mpya nyeupe, nakwenda Minago kujitambulisha kwa baba yake Zaina, binti niliyetaka kumposa, tena nilishapanga kuomba lifti kwenye kwadi hiyo hiyo! Basi sikuinua, sikutikisa. Nikadondosha mafuta kwenye mnyororo kwa ncha za vidole.

"Mnyororo umekauka tu, Mama. Twende."

"Una hakika?"

"Mama, mimi ni fundi."

Njiani mngurumo ukawa kelele, kelele ikawa kusaga, Mama Esperansi akawa ananitazama kwa jicho la pembeni, mimi natazama ziwa. Tukaingia Minago soko limejaa, na pale katikati ya watu, PAA! Rulema ikapasuka, mnyororo ukakatika ukapiga chuma, PAA tena!

Nyinyi mnajua miaka ile mlio kama huo ulikuwa na maana gani. Soko zima likalala chini. Akina mama wakafunika watoto kwa miili yao, meza za muhogo zikapinduka, na mimi, fundi mwenyewe niliyeuleta mlio, nikaruka bila kutazama nikatumbukia kifudifudi kwenye karai la mawese. Nilipoinuka, kanzu nyekundu mpaka shingoni, mwanamke mmoja akapiga yowe: "Yampayinka we! Wamemupiga risasi!"

Wanajeshi wakaja mbio, bunduki mbele.

"Nani amepiga?"

Nikainua mkono unaochuruzika. "Ni rulema, shefu."

"Rulema ni nani? Iko wapi huyo Rulema?"

Mdomo wa bunduki ulikuwa kifuani kwangu. Mama Esperansi akasema akiwa bado amelala chini, "Si mutu, shefu. Ni chuma ya ndani ya kwadi. Na fundi ni huyo."

"Onyesha."

Tukainua nyuma, nikashika gurudumu, nikatikisa, likayumba, vipande vya gololi vikamwagika vumbini mbele ya watu wote. Hakuna aliyecheka. Walisimama polepole wakijipapasa, na chini ya meza moja akatoka mzee mwenye unga wa muhogo ndevuni: baba yake Zaina.

Sikuwa na muda hata wa kuamkia, kwa sababu juu kilimani mwanamke alikuwa anasubiri na jua halikuwa linasubiri. Nikaazima nyundo na spana kwa fundi baiskeli na bomba la chuma kwa wakamuaji mawese, nati kubwa ya ekseli ilikuwa imeshikwa na kutu, nikalivisha bomba kwenye spana nikaning'inia mpaka ikakubali. Nikaitoa ekseli kwa kuigonga juu ya ubao nisiiharibu, nikapiga zile rulema mpya za Mama Esperansi kwa ukingo wa nje tu (ukipiga wa ndani umeziua kabla hazijatembea), nikajaza grisi, nikaunga mnyororo. Mwanajeshi hakuondoa macho. Safari hii nilitikisa, nikatikisa tena. Halikucheza.

Mama Esperansi akapanda kilima. Alirudi na mgonjwa amefungwa nyuma yake kwa vitenge, wakapita kuelekea Rumonge kizuizi kikiwa karibu kushushwa. Mtoto alizaliwa mzima.

Baba yake Zaina alikuwa bado amesimama. Nikamwamkia. Akanitazama kuanzia miguuni.

"Wewe ndiye mgeni wetu?"

"Ndiyo, mzee."

"Rudi siku nyingine, mwanangu. Na uje kwa mguu."

Tangu hapo mtu akiniambia chombo chake kinanguruma, sibishani naye. Nainua, nashika, natikisa, halafu ndiyo nafungua mdomo.