Maili Yenye Mimba

Jumamosi saa moja asubuhi basi la shule lilitoka kwenda Karen likiwa na wakimbiaji wanne wa maili, nami nikabaki getini nimeshika jembe. Muda uliotakiwa ulikuwa dakika tano na sekunde arobaini. Mimi nilikuwa nimekimbia tano thelathini na nane. Ndiyo, chini yake. Na bado nikabaki na jembe. Kama huelewi kwa nini nimekasirika, keti nikueleze, na usinikatize.

Shule yetu iko Satellite, mtaa wa Nairobi, na uwanja wake ni mdogo kiasi kwamba mpira ukipigwa vizuri unatua kwenye sufuria ya mtu. Hauna mistari. Una tairi nne kuukuu za lori, zimezikwa nusu kwenye kona nne na kupakwa chokaa. Ukizizunguka kwa nje mara sita, umemaliza maili. Aliyesema hivyo ni mwalimu wetu wa michezo, mama mmoja mfupi mwenye filimbi shingoni, ambaye pia hutufunza jiografia. Mwalimu wa jiografia akikutajia umbali, unaamini. Kosa la kwanza.

Mwaliko ulitoka kwa shule moja ya Karen, kwa matajiri, zile za uwanja mwekundu unaodunda kama godoro. Wao hukimbia maili, sijui kwa nini, wakati sisi wengine wote hukimbia mita elfu moja na mia tano. Barua ilisema kila shule ilete wanne tu. Mwalimu akaongeza lake: kila mmoja awe chini ya tano arobaini, "nisiende kuaibika huko."

Niliitaka nafasi hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Shuleni mimi ni kichekesho. Nikiinua mkono darasani watu wanaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Orodha pekee ambamo jina langu limewahi kuandikwa ni za watu wa kufagia. Nilitaka mara moja tu niandikwe kwenye karatasi kwa kitu nilichokifanya kwa miguu, si kwa mdomo.

Jaribio la kwanza nilikimbia sita ishirini na moja. Wawili wa kidato cha nne walipita. Rafiki yangu wa karibu alipata tano hamsini na tatu, akasema basi, mambo ya kukimbia amewaachia punda. Kijana mmoja mkimya wa kidato cha pili alikosa kwa sekunde tisa, naye akajiondoa. Wengine wakatawanyika. Zilibaki nafasi mbili na mtu mmoja anayezifukuza. Mimi.

"Shida yako si miguu," mwalimu aliniambia. "Mzunguko wa kwanza unakimbia kama umeiba kitu. Wa nne unatembea kama unaenda kukirudisha."

"Madam, na nikikimbia wa kwanza polepole, wasichana wa kidato cha kwanza wataona nini dirishani?"

"Wataona mtu anamaliza."

Akanipa kazi. Mzunguko mmoja wa kasi, nusu ya kutembea, tena, tena, mara nane. Kila mzunguko sekunde hamsini na sita, si hamsini, si sitini. Asubuhi, kabla ya shule, nilikimbia polepole kutoka nyumbani mpaka Dagoretti Corner na kurudi. Mama yangu, ambaye ni fundi wa nguo na huamka kabla ya jogoo, alinitazama nikifunga viatu akauliza, "Wewe unakimbia nani? Polisi ama masomo?"

"Sekunde, mathe."

"Ukizishika uziulize kama zimekula."

Na zilianza kushikika. Sita na mbili. Tano hamsini na moja. Tano arobaini na sita. Halafu zikakwama hapo. Jaribio baada ya jaribio, tano arobaini na sita. Nililala mapema, nikaacha chapati za kantini, nikaacha hata kuongea wakati wa kukimbia, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nizaliwe. Tano arobaini na sita. Hujui chuki mpaka uchukiwe na namba.

Zilipobaki wiki mbili nilimfuata rafiki yangu. Kwao ni watu wa Mombasa, baba yake ana duka la vitambaa mjini, na kwa kuwa humsaidia kupeleka mizigo amepewa simu ya maana. Ina programu ya kupima umbali. Jumapili alfajiri tulienda kwenye njia ya wapita miguu ya Ngong Road, mimi kwa miguu, yeye juu ya baiskeli ya duka, akipiga kelele, "Vuta pumzi! Shusha mabega! Mbona umejikunja kama samosa?"

Tano thelathini na moja.

Tukadhani ni mteremko. Nikapumzika, nikakimbia kurudi upande ule mwingine. Tano thelathini na nne.

Rafiki yangu akaitazama simu, akanitazama mimi. "Wallahi, huo uwanja wetu una jambo."

Usiku huo nililala nimekunja ngumi. Jumatatu wakati wa mapumziko nilimkuta mwalimu katikati ya uwanja, mbele ya nusu ya shule, na sikuteremsha sauti.

"Madam, maili yako iko na mimba!"

Watu wakaangua kicheko. Kwa mara ya kwanza sikutaka wacheke.

"Umesema nini?"

"Nimesema ni ndefu! Nakimbia barabarani natoa tano thelathini na moja, hapa natoa arobaini na sita. Watu wameacha kukimbia kwa sababu ya hii kitu! Wewe ni mwalimu wa jiografia, ramani unapima na uzi, uwanja unapima na nini? Macho?"

Nilijua nimevuka mpaka. Sikujali. Mwalimu alienda kwa mafundi waliokuwa wakijenga maabara, akaazima tepu yao ndefu, akatoa kijitabu chenye vipimo vyake vya mwaka jana. Tukamfuata kama msafara wa harusi. Upande wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu, ule unaoelekea vyooni, ukazidi. Wa nne, unaotoka vyooni, ukazidi pia. Jumla, mita kumi na moja kila mzunguko. Mara sita.

"Hii tairi imesogezwa," mwalimu alisema.

"Na nani?" nilifoka. "Huyo mtu apatikane! Asimamishwe gwaride, tumuone sura!"

Rafiki yangu alinivuta shati. Nilimsukuma. Nilikuwa bado napayuka upepo ulipogeuka, harufu ya choo ikanipiga usoni, na hapo ndipo nikakumbuka.

Muhula wa kwanza, kanisa linalokodi uwanja siku za Jumapili liling'oa tairi hiyo ili kusimamisha hema. Wiki hiyohiyo mimi nilikuwa nimeiga sauti ya naibu wa mwalimu mkuu kwenye kipaza sauti nikaitangazia shule likizo. Adhabu yangu ilikuwa kuirudisha tairi mahali pake. Sikuirudisha. Niliipeleka hatua kumi mbele na kuizika karibu kabisa na vyoo, kwa sababu viranja walikuwa wakikimbia pale asubuhi, na nilitaka kila wakizunguka wavute hewa safi. Nilicheka wiki nzima. Wakati huo sikuwa nakimbia hata kumkimbilia mtu. Halafu nikasahau, kama ninavyosahau mizaha yangu mingine yote.

Mwalimu alikuwa ananitazama. "Jembe ya kurudisha hii tairi nilikupa mimi mwenyewe," alisema taratibu. "Sivyo?"

Kicheko kilichofuata kilisikika Kawangware, naapa.

Alikuwa na haki ya kunifukuza kwenye timu. Hakufanya hivyo. Alifanya kitu kibaya zaidi: alifanya haki. Tairi ikarudishwa, na akatangaza kwamba kila aliyekosa muda arudie Alhamisi. Kila mtu. Rafiki yangu. Yule mkimya. Watu waliokuwa wamenyamaza na kuniachia njia nyeupe. Ningefunga mdomo wangu wiki mbili tu, ningepunguza zile sekunde sita, nafasi ingekuwa yangu bila mtu wa kunisukuma.

Alhamisi nilisimama kwenye tairi ya kuanzia nimejaa hasira hadi masikioni. Nimkasirikie nani kwanza? Mwalimu aliyekaa muhula mzima bila kupima? Kanisa? Mimi? Filimbi ilipolia niliondoka kama mtu aliyeiba. Mzunguko wa kwanza sekunde arobaini na tisa. Nilimsikia mwalimu akipaza sauti, "Hamsini na sita! Hamsini na sita!" nikajifanya sisikii. Wa nne miguu ikawa ugali. Wa tano yule mkimya akanipita, akihema sawasawa kama cherehani. Wa sita, kwenye kona ya mwisho, akanipita rafiki yangu.

Mkimya, thelathini na tatu. Rafiki yangu, thelathini na sita. Mimi, thelathini na nane. Pamoja na wale wawili wa kidato cha nne, sisi tulikuwa watano. Barua ilisema wanne.

"Ndugu yangu," rafiki yangu alisema akiwa bado ameshika magoti, "nikuachie?"

"Ukiniachia nitakupiga."

"Haya. Basi niazime viatu."

Nikamwazima. Viatu vyangu vilienda Karen bila mimi.

Na ndio maana lile jembe. Shimo la karibu na vyoo lilikuwa bado wazi, na mwalimu alisema akirudi alikute limefukiwa. Basi lilipopotea nilivua shati, nikaliweka jembe chini, nikakimbia kwanza. Mizunguko sita, pekupeku, nikilizunguka lile shimo kwa nje, ule urefu wangu mwenyewe na ile hewa yangu mwenyewe. Sikuwa na saa. Nilihesabu kwa kichwa, hamsini na sita, hamsini na sita, na hakuna mzunguko nilioondoka kama mwizi.

Halafu nikalifukia. Nikalikanyaga. Nikalikanyaga tena.