Nenda Kapumzike

Nina karakana ya kushona sare za shule huku Mbagala, na mdomo wangu una haraka kuliko cherehani zangu zote saba. Miaka mingi niliajiri mafundi kwa maneno tu. Nilikuwa nikisema hawa ni wanangu, na mtu hamwandikii mwanawe mkataba. Kisha akapita afisa kazi, akaomba kuona mikataba, nikamwonyesha cherehani. Hakucheka. Alinipa muda wa kujirekebisha, nami nikaandaa mikataba huku nanung'unika, naona kila kifungu kimetungwa kunikomoa.

Kilichoniuma zaidi ni likizo ya uzazi: siku themanini na nne, na mshahara palepale. Fundi wangu wa kola alikuwa mjamzito. Mimba aliificha ndani ya dera mpaka mwezi wa saba, na hesabu zilionyesha atajifungua katikati ya msimu, shule zinapokaribia kufunguliwa. Kola zake ndizo zilizokuwa zikiwarudisha wateja kwangu.

Mwanzoni mwa Desemba nikaona miguu yake imevimba, viatu havimwingii tena. Nikasema liwalo na liwe, sheria ni sheria. Nikamwambia mbele ya wenzake, kwa ukali uleule ninaoagizia uzi, "We mwanangu, inatosha. Nenda kapumzike."

Akanitazama. Akakusanya mkasi na futi yake, akafunga kwenye kanga, akatoka bila kuaga. Nikadhani kachoka.

Mshona vifungo ndiye aliyenizindua. "Mama, kwa hiyo umemfukuza?"

"Nimemfukuza nani?"

"Si umemwambia akapumzike! Kule alikokuwaga mwanzo walimwambia hivyohivyo, ana mimba ya kwanza. Hawakumwita tena."

Niliona aibu. Mkataba alikuwa ameusaini, lakini niliwasainisha wote mbiombio ili warudi kwenye cherehani. Hakuna aliyeusoma.

Nikachukua nakala yake, nikamfuata kwake. Nilimkuta kibarazani, macho mekundu. Akaniamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha akasema, "Nimeelewa, mama. Kibarua kimeota nyasi."

"Hujaelewa kitu. Soma hapa."

Akasoma kwa kidole. Alipofika kwenye maneno ya kurudi kazini, akayarudia mara mbili. Kisha akalia, na mie niliyekwenda na aibu yangu nikalia naye.

Msimu ule ulinitoa jasho. Kola nilishona mwenyewe. Shule moja ikanirudishia mzigo mzima, nikafumua na kushona upya huku naitukana sheria kwa sauti. Lakini nafasi yake sikumpa mtu. Aliporudi Machi, akaketi kwenye cherehani yake na kuuliza kola ziko wapi, nilijiona mkubwa kuliko wenye viwanda wote wa Chang'ombe. Najivunia siku ile mpaka leo, na sioni haya kusema.

Wiki mbili zilizopita, asubuhi, cherehani zote zinalia, mshona vifungo akasimama katikati ya karakana na kupaza sauti kila mtu asikie: "Mama, nina mimba! Panga msimu wako mapema."

"Hongera, mwanangu. Mumeo kafurahi?"

"Bado hajui," akasema. "Nimeanza na wewe."