Shahidi wa Tatu wa Msangano

Kazi yangu ni kupima maneno ya watu, kwa hiyo sitakulaumu ukiyapima haya yangu. Mimi ni wakili wa serikali huku Songwe. Nimeona watu wakiapa kwa Biblia kisha wakadanganya bila kupepesa macho, na uongo naujua unavyokaa mdomoni. Haya sikusimuliwa. Yalinipata mimi mwenyewe, saa nane mchana, akili yangu ikiwa timamu. Majina tu ndiyo nimeyabadilisha.

Watu wakisikia Tunduma hufikiri kesi zetu ni za malori na magendo ya mpakani. Hizo zipo. Lakini asubuhi mezani kwangu utakuta pikipiki iliyoibwa, nyumba iliyovunjwa, mtoto aliyeharibiwa na ndugu yake, kahawa ya mtu wa Iyula iliyobebwa ingali imeanikwa, na katikati ya hayo, mauaji. Unasoma jalada, unaandika, unafungua jingine. Baada ya miaka michache unajikuta unayaita majalada mepesi na mazito, kama mtu anayechambua viazi. Sijivunii hilo.

Jalada la Elia lilikuwa jepesi. Huyu alikuwa kijana wa upande wa Msangano, ameshtakiwa kumuua mjomba wake, mzee Sichone, kwa panga. Walikuwa wanagombea shamba na kijiji kizima kilijua. Mke wa mzee alimpelekea mumewe chakula shambani saa saba mchana, akamwacha mzima. Saa kumi mzee akakutwa amekufa. Hakuna aliyeona tendo lenyewe. Lakini shahidi wa tatu, bibi mmoja jirani aitwaye Nakawala, alikuwa ameandikiwa maelezo mafupi kwamba siku ile alimwona Elia, na shati lake lilikuwa na damu. Shati lilichukuliwa, maabara ikasema damu ni ya binadamu, ikaishia hapo. Elia alijitetea kwamba siku ile alikuwa amempeleka bibi huyohuyo zahanati. Maelezo ya bibi hayakutaja zahanati. Wewe ungemwamini nani? Pembeni mwa jalada niliandika kwa mkono wangu: ushahidi unatosha. Adhabu ya kosa lile unaijua. Kijana alikuwa mahabusu mwaka wa tatu.

Kikao cha Mahakama Kuu kilipokaribia, nilienda Msangano kuwaandaa mashahidi. Nilikuwa na dereva wetu, tunamwita Baba Neema, mtu mzima asiye na maneno mengi. Ilikuwa masika, na kutoka Chitete barabara ilitutesa. Mtendaji wa kijiji alitupa chumba katika ofisi yake, akawaleta mashahidi wawili wa kwanza, halafu akapanda pikipiki kwenda kuwatafuta wengine. Baba Neema alikaa barazani. Mimi nikabaki na orodha yangu, na kama mtu anavyojisemea akiwa peke yake, nikasoma kwa sauti, "Shahidi wa tatu, Nakawala."

Nikamsikia Baba Neema barazani akisema, "Pita, mama."

Akaingia bibi mwembamba, kanga mbili, kilemba cheupe. Alipiga magoti, akapiga makofi taratibu kama wanavyoamkia wanawake wa huko, kisha akakaa kwenye benchi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na kovu refu juu ya unyayo. Nilifikiri mtendaji amemkuta njiani akamtanguliza.

"Shikamoo, bibi. Nitakusomea maelezo yako, uniambie kama ndivyo ulivyosema."

"Marahaba, mwanangu. Nisomee. Sijawahi kusomewa."

Nikasoma. Nilipofika kwenye shati, akainua kidole.

"Hapo pamepungua."

"Pamepungua nini, bibi?"

"Neno. Mimi nilisema, shati lake lilikuwa na damu yangu."

Kalamu ilinisimama mkononi. Akanieleza polepole, kwa Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kinamwanga. Saa sita mchana alikuwa anapalilia, jembe likamkata mguu. Elia alikuwa anapita na baiskeli. Akamfunga kwa kitambaa, akambeba mgongoni mpaka barabarani, akamkalisha kwenye kiti cha nyuma, akaisukuma baiskeli hadi zahanati ng'ambo ya mto. Walirudi jua linazama.

"Aliyeandika alikuwa na haraka," akasema. "Aliniambia weka dole hapa. Nikaweka."

"Mbona hukurudi kuwaeleza?"

"Niliambiwa nitaitwa. Nikangoja kuitwa. Nimengoja sana, mwanangu."

Niliandika yote. Akaomba nimsomee mara mbili, nikamsomea. Kisha nikamshika kidole gumba, nikakiweka kwenye wino, nikakigandamiza kwenye karatasi. Watu wachache niliowaeleza huniuliza kama kilikuwa cha baridi. Hapana. Kilikuwa kidole kigumu cha mkulima. Akasema, "Haya, asante," akatoka.

Hazikupita dakika kumi, mtendaji akarudi na shahidi wa nne. Akavua koti la mvua akasema, "Halafu wakili, samahani. Yule wa tatu, bibi Nakawala, nilisahau kuwajulisha. Tulimzika mwaka jana, masika kama haya."

Nilimtazama Baba Neema mlangoni. Naye alikuwa ananitazama. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Alikuwa na dada wa kufanana naye?"

"Hapana. Wala binti. Alikuwa peke yake."

Tuliomba kuonyeshwa kaburi. Lilikuwa nyuma ya kanisa, msalaba wa mbao, jina lake. Baba Neema alivua kofia. Hatukumwambia mtendaji lolote. Tungemwambia nini?

Sasa jiweke kwenye nafasi yangu. Nina maelezo ya shahidi, yenye dole gumba, tarehe ya leo, na shahidi yuko kaburini tangu mwaka jana. Hakuna jaji duniani wa kupelekewa karatasi kama ile. Ningeweza kuikunja, nikaiweka mfukoni, nikaenda nyumbani kulala. Wazo hilo lilinijia, sitakuficha. Jalada lilikuwa jepesi, na bibi wa kulipinga hayupo.

Nikamwambia Baba Neema, "Twende zahanati."

Muuguzi aliyekuwepo alikuwa yuleyule wa siku zile. Alitoa daftari la wagonjwa la mwaka ule, tukafunua hadi siku ya mauaji. Jina la bibi lilikuwepo: jeraha la mguu, ameshonwa. "Kijana aliyemleta namkumbuka," akasema. "Bomba lilikuwa limekauka, akashinda hapa ananichotea maji mtoni. Waliondoka nikifunga mlango, saa kumi na mbili jioni." Kisha akaniuliza, "Mbona miaka yote hii hakuna aliyekuja kuniuliza?"

Mpelelezi hakwenda, lakini na mimi nilikuwa nimesoma utetezi wa kijana, nikaupita.

Niliandika barua kwa wakubwa nikiegemea daftari na maelezo ya muuguzi. Bibi sikumtaja. Shauri likaondolewa mahakamani, na Elia akatoka. Alinikuta nje ya mahakama, amekonda, shati linamwelea mwilini. Hakunishukuru wala hakunilaumu. Aliuliza jambo moja tu.

"Bibi Nakawala hajambo?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nikamwambia bibi ametangulia. Alikaa chini palepale ukutani, akainamisha kichwa, nami nikakaa kando yake na suti yangu, mpaka akaweza kusimama.

Aliyemuua mzee Sichone hajajulikana hadi leo. Ile karatasi nimeihifadhi nyumbani. Mara mojamoja naitazama, na dole liko palepale. Baba Neema aliomba asipangiwe tena safari za Msangano, na sikumuuliza sababu. Mimi nimekuwa mzito wa kazi, wenzangu wananilalamikia. Siku hizi siandiki "ushahidi unatosha" kabla sijasikia maneno kutoka kinywani mwa mtu.

Nawe unayenisikiliza, chukua hili. Usitie dole wala sahihi kwenye maneno ambayo hujasomewa, hata kama anayeandika anakunja uso. Na ukiwa unajua jambo la kumtoa mtu kifungoni, usingoje wito. Nenda kaliseme ungali unapumua. Maana tangu siku ile nimekutana na majina mengine ya mashahidi waliokwisha kufa, katika majalada mengine, na nimeyaita kwa sauti, mlango nikiuacha wazi. Niamini, nimeyaita mengi. Hakuna mwingine aliyekuja.