Blanketi la Barafu

Binti yangu alipoanza darasa la awali, nilikuwa nauza barafu za ukwaju kwa madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka hapa Tunduma. Nilizigandisha nyumbani, nikazipanga kwenye ndoo, kisha nikaizungushia ndoo blanketi kuukuu.

Jumamosi moja alinikuta naifunga. Akaling'ang'ania blanketi.

"Mama, utaziyeyusha!"

"Kwa nini?"

"Blanketi lina moto. Mimi nikijifunika napata joto."

Nilitaka kumwambia amekosea, nikasita. Baridi ya kwetu mwezi wa sita inauma, na kila alipotetemeka, blanketi ndilo lililomwokoa. Angefikirije vinginevyo? Nikatoa barafu mbili. Moja tukaiweka kwenye bakuli, nyingine tukaiviringisha ndani ya blanketi. Tukakaa barazani kuzisubiri. Madereva nao wakasubiri.

Ya bakulini ilianza kuchuruzika mapema. Alipofunua ya pili, aliikuta bado ngumu. Akalipapasa blanketi, akaingiza mkono hadi kwapani, akalinusa.

"Hili limeharibika," akasema. "Tulete la kwangu."

Tukarudia kwa blanketi lake la kulalia. Ikawa vilevile. Alijifunika lile blanketi mabegani, akalivua, akajifunika tena.

"Mama, kwani moto uko kwangu?"

"Uko mwilini mwako, ndiyo."

"Kumbe blanketi linauzuia usitoke." Akaitazama ndoo. "Na barafu, linauzuia usiingie!"

Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Mimi shuleni nilikariri habari za vitu vinavyopitisha joto na visivyopitisha, nikafaulu mtihani, na sikuwahi kujiuliza kwa nini naifunga ndoo yangu. Nilifunga kwa sababu wenzangu walifunga.

Wiki ile alifunika kila kitu. Alifunika jiwe la uani, asubuhi akaniletea habari kwamba jiwe halina moto wake. Kuku alimwacha. "Huyu ana blanketi lake," alinieleza.

Sasa yuko darasa la kwanza, na ana hakika kwamba mwezi hutufuata tukienda Mbozi kwa bibi yake. Sijambishia. Kesho tunasafiri, na mtoto wa jirani yetu, rafiki yake, anabaki. Nimewasikia uani wakipatana: kila mmoja autafute mwezi alipo, halafu wapigiane simu.